UZI: Mfalme alipomeza Kanisa. Kamba, moto na Zaburi ya 51 katika Uingereza ya karne ya 16 na 17

#1 Kalamu ya Mwanzi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kijiweni kwetu kulizuka ubishi. Jamaa mmoja kashikilia kwamba Uingereza iliachana na Papa kwa sababu Henry VIII alitaka mke mpya, basi, hadithi imeisha. Ya mke sikatai. Ila mambo hayakuishia chumbani kwa mfalme, yalikwenda mpaka mahakamani, gerezani na kwenye mti wa kunyongea, na yakakaa huko zaidi ya miaka mia moja. Nikaahidi kuleta uzi. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Naanza na siku moja. Tarehe 30 Julai 1540, Smithfield, soko la mifugo lililokuwa nje kidogo ya ukuta wa London. Watu sita waliburutwa na farasi kutoka ngome ya Tower, wamefungwa juu ya vichanja vya fito, wawili wawili. Kila kichanja kilibeba Mkatoliki mmoja na mwanamageuzi mmoja, ubavu kwa ubavu. Walipofika, Robert Barnes, Thomas Garret na William Jerome wakachomwa moto kwa uzushi, maana mahubiri yao yalinukia Ulutheri. Thomas Abel, Edward Powell na Richard Fetherston wakanyongwa, wakashushwa kabla hawajakata roho, wakapasuliwa matumbo na kukatwa vipande vinne kwa uhaini, maana walikataa kumkubali mfalme kuwa mkuu wa Kanisa.

Yaani mmoja anauawa kwa kwenda mbali na Roma kupita kiasi, na mwenzake aliyelala naye kichanja kimoja anauawa kwa kubaki karibu na Roma kupita kiasi. Mfalme ni huyohuyo.

Na hakuna kesi iliyosikilizwa. Bunge lilipitisha sheria ya kuwatia hatiani kwa majina yao. Barnes alipofikishwa kwenye nguzo alimuuliza sherifu anauawa kwa kosa gani. Sherifu akasema hajui.

Hoja yangu ni hii. Kabla ya hapo palikuwa na nyumba mbili. Dhambi ilikuwa na mahakama zake chini ya maaskofu, na jinai ilikuwa na mahakama zake chini ya mfalme. Kanisa lilikuwa na ukali wake, lakini pia lilikuwa na mlango wa nyuma ambao mtu angeweza kutorokea mkono wa mfalme. Mwaka 1534 Bunge lilipomtangaza Henry mkuu wa Kanisa la Uingereza, nyumba zote mbili zikawa zake. Ukali wa Kanisa aliuchukua wote. Huruma yake aliitafuna kidogo kidogo yeye na waliomfuata, ila kuna mfupa mmoja uliwakwama kooni. Huo mfupa ndio utamu wa uzi huu.

#2 Muuza Mbao

Nimeshakaa siti ya mbele na kashata zangu. Shusha mkuu.

#3 Bin Pwani

Mimi ni wa msikitini, hapa naangalia mechi ya majirani tu. Endelea.

#4 Kalamu ya Mwanzi

Haya, milango ya nyuma. Ilikuwa miwili.

Wa kwanza ni kukimbilia kanisani. Umeua, umeiba, wanakufukuza na marungu: ukifanikiwa kuingia kanisa lolote la parokia, hawakugusi kwa siku 40. Katika siku hizo unaungama kosa lako mbele ya ofisa wa mfalme na kuapa kuihama nchi maisha yako yote. Unapangiwa bandari, unatembea njia kuu umeshika msalaba wa mti mkononi, marufuku kukengeuka. Ukifika pwani hakuna chombo, unaingia baharini kila siku mpaka magotini, kuonyesha kwamba kweli unataka kuondoka. Na kulikuwa na sehemu kubwa kama Durham, Beverley na Westminster ambazo kinga yake ilizidi ya makanisa ya kawaida. Mlango wa kanisa kuu la Durham una kigongeo cha shaba chenye uso wa kutisha. Mkimbizi alikuwa anakigonga hicho.

Henry hakuupiga mlango huu teke mara moja. Mwaka 1529 ilitoka sheria kwamba anayeapa kuhama apigwe chapa ya moto ya herufi A kwenye kidole gumba. Miaka miwili baadaye wakasema hapana, hakuna kuhama tena, kwa sababu wahalifu wanaoondoka wanakwenda kuwafundisha maadui ubaharia na kulenga mishale! Wabaki humuhumu wamefungiwa. Mwaka 1540, mwaka uleule wa Smithfield, kinga ikaondolewa kwa wauaji, wabakaji, wanyang'anyi na wachomaji nyumba, na wahalifu wadogo wakatengewa miji minane tu. Manchester ulikuwa mmojawapo. Wenyeji wakalalamika kwamba wezi wanaharibu biashara ya nguo, maana kitani na sufu zilianikwa nje usiku kucha. Bunge likawaonea huruma, likawahamishia wezi hao Chester. Watu wa Chester nao sijui waliamkaje siku hiyo.

Mwaka 1624 mlango ukafungwa kabisa.

Wa pili ni ule mfupa. Tangu zama za ugomvi wa Henry II na Askofu Mkuu Thomas Becket, aliyeuawa ndani ya kanisa la Canterbury mwaka 1170, kasisi akishitakiwa kwa kosa kubwa hanyongwi na mfalme, anakabidhiwa kwa askofu wake. Swali likawa, nitajuaje kwamba huyu ni kasisi? Majaji wakarahisisha: anayejua kusoma ni kasisi. Enzi hizo nani mwingine alijua kusoma? Basi mshitakiwa akishatiwa hatiani anaomba kitabu. Anafunguliwa Zaburi, kwa kawaida ile ya toba, ya 51: "Ee Mungu, unirehemu." Akisoma, shingo imepona. Watu wakauita mstari ule mstari wa shingo.

#5 Muuza Mbao

Ngoja kwanza. Yaani mtu aue, asome mstari mmoja, arudi nyumbani kula ugali?

Na kama hajui kusoma ila ameukariri?

#6 Kalamu ya Mwanzi

@Muuza Mbao wapo waliokariri, na wapo majaji waliofumba macho. Jaji asiyekutaka alikuwa na uwezo wa kufungua ukurasa mwingine, hapo ndipo unaanza kutoa jasho.

Tangu 1489 mtu asiye kasisi wa kweli alipata nafasi hiyo mara moja tu maishani. Ili asirudi kudanganya, alipigwa chapa kwenye kidole gumba cha kushoto: M kwa muuaji (murderer), T kwa mwizi (thief). Ukija mara ya pili wanakwambia inua mkono.

Mfano ninaoupenda ni wa Ben Jonson, mwandishi wa michezo ya kuigiza aliyeishi zama za Shakespeare. Septemba 1598 alipigana kwa upanga na mwigizaji Gabriel Spencer huko Hoxton, akamuua. Alikiri. Akaomba kitabu, akasoma, akachapwa kidole, mali yake ikachukuliwa, akatoka. Mtoto wa kambo wa fundi mwashi, aliyebahatika kusoma Kilatini shuleni Westminster. Angekuwa mwashi asiyejua herufi, kamba ilikuwa yake.

Na mageuzi ya dini yalifanya nini hapa? Mantiki inasema kinga ya makasisi ingekufa na Papa. Haikufa. Walichofanya ni kuyaondoa makosa moja moja kwenye orodha: mauaji ya kukusudia na unyang'anyi wa njia kuu tangu zama za Henry, wizi wa farasi, kuchomoa mikoba ya watu (1565), na uvunjaji wa nyumba usiku (1576). Mwaka huohuo wa 1576 wakakata kamba ya mwisho na askofu: ukishasoma na kuchapwa hupelekwi tena kwake, unaachiwa, au jaji anakufunga kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Kilichoanza kama haki ya Kanisa kikabaki mikononi mwa serikali kama njia ya kumpunguzia adhabu mkosaji wa mara ya kwanza. Mtihani wa kusoma ulifutwa 1706 na kinga yenyewe ikafutwa 1827. Ndiyo, 1827, reli ya mvuke ilishaanza kutembea kule kaskazini.

Kwa nini waliuacha? Jibu langu: sheria yao ilikuwa kali kuliko matumbo yao. Kuiba kitu cha thamani inayozidi peni 12 adhabu yake kifo. Ukinyonga wote utabaki na nani? Ndiyo maana hata juri, raia kumi na wawili wanaoamua kama mshitakiwa ana hatia, wakawa wanaapa mbele ya Mungu kwamba kitu kilichoibwa kina thamani ya peni 10 au 11, huku kila mtu pale ndani anajua bei yake. Uongo wa kiapo, lakini wa kuokoa shingo.

#7 Mchungaji Mstaafu

Ndugu mleta mada, uzi mzuri, ila unamwelemea Henry peke yake. Mbona binti yake Mary, malkia Mkatoliki, humtaji? Kati ya Februari 1555 na Novemba 1558 walichomwa Waprotestanti karibu 280. Wengi walikuwa wafumaji, vibarua, wake za watu na vijana, siyo maaskofu tu. Maaskofu Latimer na Ridley walichomwa Oxford 16 Oktoba 1555. Askofu Mkuu Cranmer alifuata tarehe 21 Machi 1556. Alikuwa ameshasaini karatasi za kukana imani yake, kisha siku ya mwisho akayafuta maneno yake na kuutanguliza motoni ule mkono wa kuume uliosaini. Hayo sisi tulifundishwa chuoni hadi tukalia.

#8 Teresia wa Bonde

Baba Mchungaji shikamoo. Nakubali ya Mary, ni aibu. Lakini mkimaliza kuwahesabu wa Mary muwahesabu na wa Elizabeth, mdogo wake Mprotestanti aliyemrithi. Mapadri zaidi ya mia moja walikatwa vipande chini yake, na serikali ikasema hawakufa kwa dini, walikufa kwa uhaini. Tofauti iko wapi kwa anayekatwa?

#9 Kalamu ya Mwanzi

@Mchungaji Mstaafu shikamoo mzee. @Teresia wa Bonde umenigusia pale nilipotaka kwenda.

Mary alitumia sheria ya zamani ya 1401 ya kuwachoma wazushi. Kwake kosa lilikuwa ni imani, na alilitamka hivyo. Elizabeth alibadilisha jina la kosa. Baada ya Papa Pius V kumtenga na Kanisa mwaka 1570 na kuwaambia raia wake hawawajibiki kumtii, Mkatoliki akaanza kutazamwa kama jasusi. Kutokwenda kanisani Jumapili kulitozwa faini ya peni 12 tangu 1559. Mwaka 1581 ikapanda kuwa pauni 20 kwa mwezi, fedha ambayo kibarua hakuipata kwa mwaka mzima. Mwaka 1585 ikawa uhaini kwa padri aliyepewa daraja ng'ambo kuonekana tu ardhi ya Uingereza, na anayempa chakula na malazi ananyongwa.

Kwa hiyo si lazima ufanye chochote. Ukiwa padri na umekanyaga nchi, umeshakuwa mhaini. Mafundi kama Nicholas Owen wakawa wanajenga mashimo ya kuficha mapadri ndani ya kuta na chini ya ngazi za nyumba za matajiri. Owen alikamatwa 1606 baada ya ile njama ya baruti ya Novemba 1605, ya Wakatoliki waliotaka kulipua Bunge, akafia Tower kwa mateso bila kutaja nyumba.

Tofauti niionayo mimi ni hii: Mary aliwapa Waprotestanti mashahidi wa dini, Elizabeth akajitahidi Wakatoliki wasipate wa kwao. Kwa maiti hakuna tofauti. Kwa siasa ipo.

#10 Wakili wa Kata

Niongeze kesi moja ambayo kila mwanasheria angepaswa kuijua. Margaret Clitherow, mke wa muuza nyama wa York. Alishitakiwa Machi 1586 kwa kuwahifadhi mapadri. Alipoulizwa "una hatia au huna?" akakaa kimya. Si kwamba hakuelewa. Bila jibu lake kesi isingeanza, na bila kesi watoto wake na watumishi wasingelazimishwa kutoa ushahidi dhidi yake.

Adhabu ya kukataa kujibu haikuwa kunyongwa. Ilikuwa kukandamizwa. Tarehe 25 Machi 1586, kwenye daraja la mto Ouse, walimlaza chali, jiwe kali chini ya mgongo, mlango juu yake, na juu ya mlango mawe mazito mpaka akafa. Ilichukua kama robo saa. Baba yake wa kambo ndiye aliyekuwa meya wa mji mwaka huo.

Adhabu hiyo iliendelea kuwa halali mpaka 1772. Na ilitumika kwa wezi wa kawaida pia, wengine waliichagua ili mali zao zisitaifishwe, maana aliyekufa bila kutiwa hatiani mali yake ilibaki kwa familia.

#11 Dada wa Upanga

Nimesoma yote. Sasa nina swali. Huo mstari wa shingo, mwanamke akijua kusoma naye alipona?

#12 Kalamu ya Mwanzi

@Dada wa Upanga hapana. Mwanamke hakuweza kuwa kasisi, kwa hiyo hata angesoma Zaburi zote 150 kwa Kilatini, ananyongwa. Kosa moja, wizi mmoja, mwanamume anatoka na kidole kinachouma, mwanamke anakwenda mtini.

Alichokuwa nacho ni tumbo. Akisema ana mimba, wanaitwa akina mama watu wazima kumpima. Wakikuta mtoto anacheza tumboni, adhabu inasogezwa mpaka ajifungue, na wengi waliopata ahirisho hilo waliishia kusamehewa. Akina mama wale nao walijua kufumba macho kama majaji.

Halafu tazama Bunge la 1624. Ni lile lililofuta kinga ya kukimbilia kanisani. Kikao hichohicho kiliwapa wanawake kwa mara ya kwanza unafuu unaofanana na ule wa makasisi, ila kwa wizi usiofika shilingi 10. Usawa kamili walisubiri mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1690. Na kikao hichohicho kikatunga sheria kwamba mama asiye na ndoa akificha kifo cha kichanga chake, anahesabiwa amekiua, mpaka athibitishe kwa shahidi kwamba kilizaliwa kimekufa. Mzigo wa ushahidi umegeuzwa kichwa chini. Shahidi atampata wapi mtu aliyejifungua peke yake usiku kwenye dari la jikoni la bosi wake?

Zamani dhambi ya zinaa ilikuwa ya mahakama ya Kanisa. Unasimamishwa Jumapili mbele ya waumini umevaa shuka jeupe, unatubu, aibu inakwisha baada ya muda. Waprotestanti wakali waliona hiyo ni adhabu ya kubembeleza. Walipopata nchi baada ya kumkata kichwa Mfalme Charles I, mwaka 1650 wakapitisha sheria kwamba uzinzi wa mke wa mtu ni kifo kwa wote wawili. Dhambi imekuwa jinai kamili! Lakini juri hawakutaka kuwatia watu hatiani, waliouawa ni wachache mno, na utawala wa kifalme uliporudi 1660 sheria ikaanguka.

Ah, na mke aliyemuua mumewe: huyo alihesabiwa mhaini mdogo na alichomwa moto, wakati mume aliyemuua mkewe alinyongwa tu.

#13 Dada wa Upanga

Nilijua tu.

#14 Jicho la Tatu

Mmesahau wachawi. Wazungu walichoma wachawi mamilioni halafu wakaja kutuambia sisi ndio washirikina.

#15 Kalamu ya Mwanzi

@Jicho la Tatu mamilioni hapana. Na Uingereza hawakuchomwa, walinyongwa. Kuchoma ni Scotland na nchi za bara. Kwa England wanahistoria wengi wanakadiria walionyongwa ni kama 500 kwa kipindi chote.

Ila umegusa pazuri, kwa sababu uchawi ni mfano safi wa dhambi kuhamia kwa mfalme. Sheria ya kwanza ya Bunge dhidi ya uchawi ni ya Henry, 1542. Ikafutwa 1547, ikaja nyingine 1563, na kali zaidi 1604. Kabla ya hapo mganga au mchawi lilikuwa zaidi suala la askofu.

Fikiria mwanakijiji wa zama hizo. Bibi yake alikuwa na maji ya baraka, mishumaa iliyobarikiwa, ishara ya msalaba, mtakatifu wa kumwombea ng'ombe. Wahubiri wapya wakasema hayo yote ni ushirikina, tupa. Sawa, katupa. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba mchawi hayupo. Kinyume chake, mimbari ilisema Shetani yupo kazini kuliko jana. Silaha amenyang'anywa, adui kaachiwa. Amebaki na nini? Mahakama.

Pendle, Lancashire, 1612. Binti aitwaye Alizon Device aliomba pini kwa mchuuzi John Law, akanyimwa. Mchuuzi akaanguka, upande mmoja ukapooza. Leo daktari angesema kiharusi. Binti mwenyewe aliamini amemloga, akaomba msamaha. Kesi ikasambaa, shahidi mkuu akawa mdogo wake Jennet, mtoto wa kama miaka tisa, aliyepandishwa juu ya meza mahakamani ili aonekane, akawataja mama yake, kaka yake na majirani. Tarehe 20 Agosti wakanyongwa kumi Lancaster.

Kilichofuata mnakijua wengi: Matthew Hopkins, mtoto wa mchungaji, akitumia machafuko ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya 1645 na 1647 akazunguka Essex na Suffolk akiwanyima watuhumiwa usingizi mpaka wakiri, kwa sababu mateso ya vyuma sheria haikuyaruhusu. Miongoni mwa walionyongwa alikuwamo mchungaji mzee wa Brandeston, John Lowes.

#16 Wakili wa Kata

Na sheria iliyoanza kazi 1736 ikapindua meza: mchawi hashitakiwi tena, anashitakiwa anayejidai ana uchawi, kifungo mwaka mmoja na kusimamishwa hadharani kwenye mbao ya aibu. Ndiyo maana Waingereza walipotunga sheria za uchawi Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928 hawakurudi kwenye sheria za 1563 na 1604. Ya Kenya inamtia hatiani mtu anayejitangaza ana nguvu za kutisha watu, na pia anayemwita mwenzake mchawi. Damu ya 1736 hiyo, japo ukiwauliza wazee wetu wa kijijini wangesema serikali inamlinda mchawi.

#17 Jicho la Tatu

Haya nimesahihishwa. Mamilioni naondoa.

#18 Muuza Mbao

Mkuu, monasteri ziliporwa, sivyo? Maskini waliokuwa wanakula pale walikwenda wapi?

#19 Kalamu ya Mwanzi

Barabarani. Kati ya 1536 na 1540 nyumba za watawa karibu 800 zilifungwa. Sio kwamba watawa walilisha nchi nzima, misaada yao isitiwe chumvi, lakini mlango wa kugonga ukapotea wakati ambapo watu wanaongezeka na bei zinapanda. Zamani ombaomba alikuwa njia ya tajiri kupata thawabu. Sasa akawa mvivu, na uvivu ukawa kosa.

Sheria ya 1547 ndiyo iliyovuka mipaka: mzururaji mwenye nguvu anayekataa kazi achapwe herufi V (vagabond, mzururaji) kifuani na kuwa mtumwa wa aliyemkamata kwa miaka miwili. Akitoroka, chapa ya S (slave, mtumwa) na utumwa wa maisha. Hiyo ilikuwa serikali ya Kiprotestanti iliyojiita ya kimungu. Haikutekelezeka, ikafutwa 1550.

Mwaka 1553 mfalme kijana Edward VI, kwa maombi ya Askofu Ridley (huyuhuyu aliyetajwa na mzee pale juu), akatoa jumba la kifalme la Bridewell, London, liwe nyumba ya kuwafanyisha kazi wazururaji, makahaba na watoto wa mitaani. Zamani jela ilikuwa mahali pa kusubiri hukumu. Bridewell ikawa ni hukumu yenyewe: viboko ukiingia, kazi ngumu, mahubiri. Kifungo cha kurekebisha tabia tunachokijua kina mizizi pale. Wazo ni la kitawa kabisa, ukiliangalia: kimya, kazi, sala. Waliwafukuza watawa, wakawafungia maskini waishi kama watawa.

#20 Bin Pwani

Hii ya mwisho imeniua. Na hao waliokataa dini zote mbili?

#21 Kalamu ya Mwanzi

@Bin Pwani, Wakweka (Quakers), Wakristo waliokataa makasisi na ibada za kanisa la serikali. Mwaka 1656 James Nayler aliingia Bristol juu ya farasi kwenye mvua, wafuasi wake wakimwimbia "mtakatifu, mtakatifu" kama Yesu anaingia Yerusalemu. Bunge lenyewe likageuka mahakama kwa siku kadhaa, likabishana kama anyongwe. Akaponea kura. Badala yake: mbao ya aibu, viboko, ulimi kutobolewa kwa chuma cha moto, na B ya kufuru (blasphemy) kwenye paji la uso.

Lakini Wakweka haohao ndio walioipa Uingereza kitu kimoja kizito. Mwaka 1670 William Penn na William Mead walishitakiwa kwa kuhubiri barabarani London baada ya ukumbi wao kufungwa. Juri ikakataa kuwatia hatiani. Majaji wakawafungia juri siku mbili bila chakula, maji, moto wala chombo cha kujisaidia. Wakatoka na jibu lilelile. Wakapigwa faini, wanne wakiongozwa na Edward Bushell wakakataa kulipa, wakaenda jela, wakaomba mahakama ya juu iamue kama kufungwa kwao ni halali. Jaji Mkuu Vaughan akaamua kwamba juri haiadhibiwi kwa uamuzi wake. Pale mfalme aliyemeza Kanisa akakutana na watu kumi na wawili wenye njaa.

#22 Muuza Mbao

Mkuu kabla hujafunga: yule Jonson wa kidole aliishia wapi?

#23 Kalamu ya Mwanzi

Nilijua utauliza. Alipokuwa gerezani akisubiri kesi ya 1598 padri mmoja alimtembelea, naye akawa Mkatoliki, wakati mbaya kuliko wote wa kuwa Mkatoliki. Mwaka 1606, baada ya njama ya baruti, akaitwa yeye na mkewe mbele ya mahakama ya Kanisa London kujibu kwa nini hawapokei komunyo kwenye kanisa la serikali. Alikaa Mkatoliki kama miaka kumi na miwili, kisha akarudi. Alipozeeka mfalme alikuwa anamlipa posho, na alipokufa 1637 alizikwa Westminster, kanisa ambalo zamani wauaji walilikimbilia, tena akiwa amesimama wima kaburini.

Siku ile aliyorudi Kanisa la Uingereza, alimsimulia rafiki yake baadaye, kikombe cha divai ya komunyo kilipomfikia alikinywa chote mpaka kikakauka, ili wasije wakatia shaka kwamba amerudi kweli.

#24 Bin Pwani

😂😂 Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walipata nini?